Klachi Isiyoachia: Tafuta Kwanza Mwendo Umepotelea Wapi

Ukisoma uhandisi wa kilimo, nyumbani hawakuulizi GPA. Wanakuuliza trekta. Simu inaingia mwezi wa kumi na moja, mawingu yameshaanza kujikusanya, na habari ni ileile: trekta ililala tangu mavuno, leo imewashwa, injini inaunguruma vizuri kabisa, lakini ukikanyaga klachi na kutafuta gia, gia zinasaga kwa kelele kama kopo la misumari. Ukilazimisha ikaingia, trekta inaruka mbele hata kama mguu umezamisha pedali mpaka chini. Fundi ameshatoa hukumu: ipasuliwe. Na wewe msomi unaulizwa unasemaje.

Kuipasua trekta maana yake ni kuitenganisha injini na giaboksi. Trekta ya zamani haina chasisi kama ya lori. Injini na giaboksi zimefungwa pamoja kwa bolti na zenyewe ndizo uti wa mgongo. Kuifikia klachi ni lazima uikate trekta vipande viwili, kimoja kikae juu ya jeki na magogo, kingine kivutwe nyuma kwa magurudumu yake. Kwenye karakana yenye vifaa ni kazi ya kawaida. Kijijini, chini ya mwembe, na majirani kumi wanaosubiri kulimiwa, ni siku kadhaa zinazopotea na hela ambayo mara nyingi ilikuwa ya mbegu na mbolea.

Makala haya yanataka kusema jambo moja tu. Klachi isiyoachia ni tatizo la mwendo. Mguu wako unatoa mwendo mkubwa juu ya pedali, na mwendo huo unasafiri kupitia rodi, shafti, uma na beringi hadi kwenye sahani iliyo ndani. Mahali fulani njiani umepotea, au umefika ukakuta kitu kimeganda. Kazi yako ni kuufuata kuanzia mguuni kwenda ndani. Sehemu kubwa ya safari hiyo inaonekana kwa macho bila kufungua hata bolti moja ya giaboksi.

Ndani ya klachi kuna nini

Chukua mfano wa Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambayo bado utaikuta ikilima Tanzania na Kenya. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka muda wote injini inapowaka. Nyuma yake iko klachi pleti, sahani nyembamba yenye bitana za msuguano pande zote mbili, ambayo katikati imevaa meno ya shafti inayoingia giaboksi. Nyuma ya hiyo iko presha pleti, ambayo springi zenye nguvu huisukuma ikaibana klachi pleti dhidi ya flaiwili. Ukiwa hujakanyaga chochote, vitu hivi vitatu vinazunguka kama kitu kimoja na nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu.

Ukikanyaga pedali, rodi inavuta mkono wa shafti ya klachi, shafti inazungusha uma, uma unasukuma rilizi beringi, beringi inagandamiza vidole vya presha pleti, na vidole vinaivuta presha pleti nyuma. Klachi pleti inabaki huru, haijabanwa na mtu. Injini inazunguka, giaboksi inatulia, unaingiza gia bila kelele.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la saba. Tuseme pedali inashuka sentimita 15, na sentimita 2.5 za mwanzo ni mchezo tu, yaani pedali inashuka kabla beringi haijagusa vidole. Zinabaki 12.5. Tuseme tena kwamba mpangilio wote wa mikono na vidole unapunguza mwendo mara 60. Presha pleti itarudi nyuma takriban milimita 2. Gawa kwa pande mbili za klachi pleti: milimita 1 kila upande. Huo ndio uhuru wote ulio nao.

Sasa chakaza pini kidogo, legeza nati ya rodi, tundu la mkono liwe yai. Mchezo unapanda kutoka sentimita 2.5 hadi 7.5. Zimebaki sentimita 7.5 za kazi, na kila upande unapata milimita 0.6 hivi. Pleti ikiwa imepinda kidogo tu, itaendelea kugusa, na gia zitasaga. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichoungua. Milimita zimeliwa njiani, basi.

Tarakimu hizi ni za mfano. Kila trekta ina vipimo vyake kwenye kitabu chake. Lakini mfano unatosha kuonyesha kwa nini pini ya bei ndogo inaweza kuisimamisha trekta yenye uzito wa zaidi ya tani moja.

Usichanganye kuteleza na kutoachia

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Klachi iliyokwisha kwa kawaida huteleza: injini inapiga kelele, trekta haivuti, plau ikizama ardhini mwendo unakufa, na harufu ya kuungua inakuja. Bitana zimeliwa, springi hazina cha kubana vizuri. Dawa yake mara nyingi ni klachi pleti mpya.

Klachi isiyoachia ni kinyume chake. Inashika mno. Na kuchakaa kwa bitana peke yake hakuleti ugonjwa huu, kwa sababu klachi pleti inavyokonda, vidole vinasogea kuelekea kwenye beringi na mchezo wa pedali unapungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo mtu akikuambia "klachi haiachii, nunua pleti mpya" kabla hata hajaitazama pedali, mwombe kwa heshima asubiri kidogo. Wapo waliofunga pleti mpya na tatizo likabaki palepale, maana lilikuwa kwenye rodi ya nje.

Kabla hujashika spana

Trekta ya klachi isiyoachia ni trekta isiyosimamishwa kwa mguu. Ikiwashwa ikiwa kwenye gia, inaondoka, na aliyesimama mbele au kati ya magurudumu hana sekunde ya kufikiri. Kwa hiyo mambo manne kwanza.

Moja, weka gia huru na uhakikishe kwa kuutikisa mkono wa gia kushoto na kulia. Mbili, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu makubwa. Tatu, hakikisha kifaa cha kuzimia injini kinafanya kazi. Injini nyingi za dizeli za zamani hazizimwi kwa ufunguo. Zinazimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta, na waya huo ukikatika watu huzoea kuzima trekta kwa kuiachia klachi ikiwa kwenye gia huku wamekanyaga breki. Klachi ikigoma kuachia, mchezo huo huna uhakika nao tena. Nne, na hili nalisema kwa sauti: usiwashe kamwe kwa kugongesha bisibisi kwenye starta ukiwa umesimama chini. Watu wanafanya hivyo kila siku kwa sababu swichi imekufa. Ikitokea gia iko ndani, gurudumu la nyuma linakupitia wewe wa kwanza. Mwenye kuwasha awe amekaa kitini.

Kwanza, ni klachi kweli?

Zima injini. Kanyaga klachi, ingiza gia moja baada ya nyingine. Meno yakigongana na gia ikagoma, mwenzako aisukume trekta kidogo ili meno yapishane, kisha jaribu tena. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu zikasaga ikiwa inawaka, tatizo liko kwenye klachi. Zikikataa kabisa hata injini ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye giaboksi au mkono wa gia wenyewe, na klachi haina hatia.

Kama trekta yako ina klachi ya hatua mbili, una bahati ya kupata ushahidi wa ziada. Katika mfumo huu, ambao MF 135 nyingi zinao, kukanyaga nusu kunaachia giaboksi, na kukanyaga hadi mwisho kunasimamisha pia PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Ndani kuna pleti mbili. PTO ikisimama vizuri ukikanyaga hadi chini lakini gia zinasaga, basi mwendo unafika ndani, na kilichogoma ni pleti ya giaboksi. Zote mbili zikigoma, shuku zaidi mfumo wa nje. Fanya jaribio hilo bila mashine yoyote kufungwa nyuma, na watu wakae mbali na shafti hiyo. Nguo ikinaswa haina msamaha.

Ufuate mwendo kutoka mguuni

Injini imezimwa. Ibonyeze pedali kwa mkono, taratibu, hadi uhisi ugumu unaanza. Pima kwa rula umbali huo. Ndio mchezo wa pedali. Linganisha na kitabu cha trekta. Ukizidi sana, kuna nati ya kurekebishia kwenye rodi. Legeza nati ya kufungia, fupisha au refusha rodi kadiri inavyotakiwa, kisha funga tena. Usiumalize mchezo wote kwa tamaa ya kupata mwendo zaidi. Beringi ikigusa vidole muda wote itaungua, na klachi itaanza kuteleza. Utakuwa umebadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine.

Rodi ikiwa imerekebishwa hadi mwisho wa uzi na mchezo bado ni mkubwa, usishangilie. Kuna kitu kimechakaa. Mwambie mwenzako akanyage pedali na kuiachia mara kumi hivi huku wewe umechuchumaa pembeni unatazama kila kiungo. Pedali inapoanza kushuka, rodi inapaswa kuanza pamoja nayo. Rodi inapoanza, mkono wa shafti nao uanze. Popote utakapoona kimoja kinatembea na mwenzake bado amesimama, umepata mwizi wa mwendo: pini iliyoliwa, tundu lililopanuka, bushi iliyokwisha chini ya pedali.

Kisha chukua chaki. Chora mstari mmoja unaokatiza mwisho wa shafti ya klachi na mkono uliofungwa juu yake. Pedali ikanyagwe. Mstari ukikatika, yaani mkono umezunguka na shafti imebaki nyuma, basi kabari inayovifunga pamoja imekatika au imelegea. Kwa macho matupu usingeona. Chaki haidanganyi.

Mwisho, usikilize mguu wako. Pedali ikiwa nyepesi kuliko kawaida yake, mwendo haufiki kwenye springi. Kuna kilichokatika au kuteleza njiani, pengine hata uma wa ndani umeachana na shafti yake. Pedali ikiwa na uzito wake wa kawaida na mchezo ni sahihi, lakini klachi bado haiachii, presha pleti huenda inarudi nyuma kama inavyotakiwa. Tatizo ni klachi pleti haitaki kuondoka. Hapo tunamshuku kutu.

Kwa trekta ambazo klachi yake inasukumwa na mafuta, kanuni ni ileile ila njia ni nyingine: tazama kiwango cha mafuta, uvujaji kwenye silinda ya juu na ya chini, na hewa iliyoingia kwenye bomba. Pedali inayopata nguvu ukiipampu mara kadhaa inakuambia kuna hewa.

Pleti iliyogandwa na kutu

Trekta ikikaa miezi sita kwenye banda lisilo na kuta, unyevu unaingia kwenye nyumba ya klachi. Klachi pleti imebanwa muda wote huo kwenye chuma. Kutu kinajijenga kati ya bitana na flaiwili, na siku ya kuwasha vimeshikana. Ukikanyaga, presha pleti inarudi, lakini klachi pleti inabaki imeng'ang'ania flaiwili.

Trekta nyingi za zamani zina kifuniko kidogo ubavuni mwa nyumba ya klachi. Injini ikiwa imezimwa, kifungue, umulike kwa tochi, na mwenzako akanyage. Utaona kama beringi inavigusa vidole vyote kwa pamoja na kama presha pleti inasogea. Na ukishaona kutu, usishawishike kumwagia dizeli wala mafuta ya kulainisha. Bitana zikinywa mafuta, klachi iliyogoma kuachia itageuka klachi isiyoshika, na hapo kupasua hakuepukiki.

Dawa ya kwanza ni subira. Kanyaga pedali hadi chini, ikaze kwa kipande cha mti kisichoweza kuchomoka, uiache hivyo usiku kucha. Asubuhi, gia ikiwa huru na pedali ingali imekazwa, washa injini iache ipate moto vizuri. Joto na mtikisiko huweza kuachanisha pleti. Zima, jaribu gia. Rudia siku mbili tatu.

Ikishindikana, ipo njia ya nguvu, nayo si ya kila mtu. Inataka uwanja tambarare na mpana, usio na watu, watoto wala mifugo, dereva mzoefu, breki nzima, waya wa kuzimia unaofanya kazi, na hakuna kifaa chochote kilichofungwa nyuma. Trekta hizi zina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia. Zifungwe pamoja kwa komeo lake, vinginevyo ukikanyaga moja trekta itageuka ghafla na inaweza kubiringika. Injini ikiwa ya moto, izimwe, iingizwe gia ya kati au ya juu kidogo, klachi ikanyagwe hadi chini, iwashwe. Trekta itaondoka. Dereva, akiwa bado amekanyaga klachi, anaongeza mafuta kisha anakanyaga breki kwa vipindi vifupi, ili breki zivutane na injini na pleti ing'oke. Gia ya chini haifai hapa: inayapa magurudumu nguvu nyingi kiasi kwamba breki zinashindwa bila pleti kuhisi chochote. Ikiachia utajua, maana trekta itasimama na injini itaendelea kuwaka. Baada ya majaribio machache bila mafanikio, acha. Na kama sharti mojawapo kati ya hayo halipo, usijaribu kabisa. Bora gharama ya kupasua.

Ikibidi kupasua, pasua mara moja

Yapo magonjwa ambayo hayaonekani kwa nje: meno ya shafti yaliyoshika kutu hadi pleti haiwezi kuteleza juu yake, kidole kilichovunjika, pleti iliyopinda, kipande cha bitana kilichobanduka na kujibana, pailoti beringi, ile ndogo iliyo katikati ya flaiwili, iliyokwama na kuizungusha shafti hata klachi ikiwa huru. Hapo fundi ana haki yake.

Lakini trekta ikishapasuliwa, kila kitu kikaguliwe siku hiyohiyo. Rilizi beringi na pailoti beringi zibadilishwe kama zina dalili yoyote ya kuchoka. Sili ya nyuma ya injini na ile ya shafti ya giaboksi zitazamwe kama zinavuja. Uma na pini yake vikaguliwe. Urefu wa vidole usawazishwe kwa kipimo cha kitabu. Na klachi pleti ifungwe upande wake sahihi, kwa sababu ikigeuzwa, kitovu chake kinaweza kugonga flaiwili na klachi isiachie, na siku zote za kazi zikawa bure.

Kinga ni kipande cha mti

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya haya yanazuilika bila hela. Mavuno yakiisha na trekta inakwenda kulala, kanyaga klachi na uikaze pedali kwa kipande cha mti hadi msimu ujao, ili pleti isigandamane na chuma. Funga kikaratasi kwenye usukani kumkumbusha atakayewasha. Chini ya nyumba ya klachi kwa kawaida kuna tundu dogo la kutolea maji, lizibue matope. Tundu hilo likitoa mafuta, ujue kuna sili inavuja na usingoje ivuje zaidi. Tia grisi kwenye viungo vya pedali. Na dereva asipumzishe mguu juu ya klachi anapolima.

Sisi tunaojifunza mashine hizi ubaoni tunakuja na michoro na fomula. Fundi wa kijijini anakuja na mikono iliyozifungua trekta nyingi kuliko tulizowahi kuziona. Ukimfuata na maneno ya kozi, atakusikiliza kwa adabu kisha ataendelea na lake. Ukimfuata na rula, chaki na swali moja, "Fundi, shikamoo, hebu tuangalie mwendo unapotelea wapi kabla hatujaipasua," mtachuchumaa wote wawili pembeni ya pedali. Hapo ndipo shamba la mtu linapookolewa, na mara nyingine mguu wa mtu pia.